Ndara za Fuoni na Jicho la Fundi

Wako wazee wetu, Mungu awape umri, ambao wakilitazama lile jahazi la ndara la Lamu hugeuza uso. Rangi gani hizi? Waridi kando ya kijani, manjano juu ya zambarau! Mimi nasema tusilihukumu kwa pupa.

Jahazi hilo, waliitalo Flipflopi, lilishushwa majini Septemba 2018. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walitumia takataka za plastiki zipatazo tani 10, zikayeyushwa zikawa mkuku na mataruma, nao wakazichonga kama wachongavyo mbao. Kisha wakalivika vipande vya ndara zipatazo 30,000. Mapema 2019 likatweka tanga hadi Unguja.

Aghalabu hutajwa pakizungumzwa uchafu wa bahari, na uchafu kweli upo. Lakini sanaa yake haijapewa haki. Fundi wa mlango wa Lamu ajua ua litakaa wapi na mnyororo utapita wapi kabla patasi haijagusa ubao. Mwenye kuokota ndara hana mchoro huo. Bahari ndiyo imchaguliayo. Leo imemletea buluu iliyochujuka kwa jua, kesho nyekundu yenye kisigino kilicholika. Hawezi kuagiza rangi dukani. Hana budi aweke kipande, arudi nyuma, atazame, akiondoe, akiweke pengine, mpaka jicho liridhike. Sisi washairi twaijua kazi hii: kina hukujia bila kuitwa, ukakikataa mara tatu, kumbe ubeti mzima ulikuwa ukikingoja.

Wala si jambo geni. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alishika rangi za baiskeli, na leo mtindo mzima waitwa kwa jina lake.

Kwetu Waislamu mna la ziada. Israfu twakatazwa tangu chuoni. Na asiyependa kuchora sura za viumbe ana uwanja mpana hapa, kwani nakshi yatosha kwa mstari na rangi. Natamani walimu wa vyuo wawatoe watoto fuoni siku za mapumziko, na magunia na makasi, wawaache wapange wenyewe pasipo kuwaonyesha mfano. Ila moto, hasha! Moshi wa plastiki ni sumu. Kuyeyusha waachiwe wenye mitambo. Ndara zioshwe, zianikwe, zikatwe, zishonwe juu ya gunia.

Kinitiacho hofu ni soko. Mtalii ataka twiga, basi kila mkono utachonga twiga, na rangi zitapangwa kwa agizo lake. Mimi ningependa kazi moja ya namna hii itundikwe barazani kwetu, si hotelini, watu waibishanie baada ya Isha.