MGENI NJOO UWINDE, MWENYEJI APONE LINI?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki hii tunataka kuzungumza na wewe kijana wa mjini, wewe wa Manzese, wa Unga Limited na wa Mabatini, juu ya mgeni mmoja ambaye huja nchini kwako kila mwaka msimu unapofunguliwa Julai 1. Anakaa porini wiki tatu, anaondoka na pembe, ngozi na fuvu, na wewe hata sura yake huioni. Mgeni huyo anaitwa mwindaji wa kitalii.

Usiwe mwepesi wa kusema habari hii haikuhusu kwa kuwa wewe unahangaika na nauli ya daladala, na nyati yuko Rungwa. Nyati yule ni mali yako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka wazi kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ameshika dhamana tu kwa niaba ya wananchi. Mwananchi ni wewe. Sasa mwenye mali asiyejua mali yake inauzwa wapi, kwa bei gani na fedha inakwenda mfuko wa nani, huyo ni mwenye mali wa jina tu.

Basi hebu tufuatane hatua kwa hatua tuone mgeni huyu anavyoipanga safari yake ya kwanza. Utajifunza mengi, maana yeye hafanyi jambo kwa kubahatisha.

Kwanza anachagua nchi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi kabla ya safari. Kenya haimo katika orodha yake, kwani ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua tena. Afrika Kusini imo, lakini huko wanyama wengi wanaowindwa wamo ndani ya mashamba ya watu binafsi yenye uzio. Yeye anataka pori lililo wazi, simba na nyati wasiofugwa. Kwa hiyo kidole chake kinatua Tanzania.

Pili anatafuta kampuni. Wenye kampuni za uwindaji humfuata huko huko kwao, kwenye maonyesho makubwa kama yale ya kila mwaka ya Safari Club International nchini Marekani. Wanakaa mezani, wanaonyeshana picha, wanapatana bei, na mgeni anatanguliza malipo. Angalia hapo, kijana. Nyati wako ameshauzwa ng'ambo ya bahari kabla hata risasi haijanunuliwa.

Tatu anachagua siku. Akitaka nyati na swala anaweza kuchukua safari fupi. Akitaka simba au tembo, anajua atauziwa safari ya siku 21. Gharama ya siku moja tu inaweza kuzidi dola 1,000, na safari nzima ya aina hiyo inafika makumi ya maelfu ya dola. Hapo bado ada ya kila mnyama atakayempiga, kibali cha bunduki, ndege ya kukodi hadi kambini, na gharama za kuandaa nyara na kuzisafirisha kwao.

Nne anajifunza masharti. Sheria zetu, tukubali, zimeandikwa vizuri. Mgeni haruhusiwi kuwinda peke yake. Lazima aongozwe na mwindaji bingwa mwenye leseni, na askari wa wanyamapori awepo. Haruhusiwi kupiga mnyama akiwa juu ya gari, wala kumulika taa usiku. Simba jike haguswi, na simba dume anatakiwa awe ametimiza miaka sita. Kwa mnyama wa hatari bunduki isiwe chini ya risasi ya 375. Mgeni anayasoma haya yote kwao, anafanya mazoezi ya shabaha na kukaguliwa afya.

Sasa tuambie, kijana. Katika mpango wote huo wewe umeandikwa ukurasa gani?

Tukujibu sisi. Umeandikwa kwenye mizigo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, alishuka Mombasa kwa safari ya uwindaji. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512, na nyuma yao kulikuwa na mamia ya wapagazi wenye mizigo kichwani. Hata neno lenyewe walilichukua kwetu: safari. Miaka zaidi ya 100 imepita. Mzigo umehama kichwani umepanda Land Cruiser, lakini anayeupakia na kuushusha ni yule yule. Mwenzio anafuata nyayo, anachuna ngozi, anapika, anafua nguo za mgeni, na msimu ukiisha anarudi kijijini kusubiri msimu mwingine.

Msidhani nchi hii haijawahi kuliona tatizo hili. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere ilisimamisha uwindaji. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978, biashara hiyo ilikabidhiwa shirika la umma, TAWICO. Ilipofika mwaka 1988, upepo wa soko huria ukiwa umeanza kuvuma, mapori yakagawanywa kwa makampuni binafsi kwa mtindo wa vitalu. Na hapo ndipo ulaji ulipoanza.

Katika miaka ya 1990 kitalu kimoja kilikodishwa kwa dola 7,500 kwa mwaka. Kitalu, si kiwanja cha kujenga kibanda! Pori ambalo ukitembea kwa miguu kutwa nzima hulimalizi, lenye simba, chui na nyati ndani yake. Mgeni mmoja tu wa siku 21 alitosha kurudisha fedha hiyo na chenji ikabaki. Tena vitalu havikuuzwa kwa mnada wa wazi. Viligawiwa ofisini, na wapo waliopata kitalu bila kuwa na hema wala bunduki, wakakikodisha kwa wengine, wakakaa mjini wakila kwa mrija. Mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu mwaka ule wa 1988 kufikia mnada wa vitalu kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2019 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hiyo ni hatua, na sisi hatuoni aibu kusifu kinachostahili kusifiwa. Lakini tunauliza: fedha iliyopotea miaka yote hiyo nani ameulizwa? Nani amejibu?

Kisha iko Loliondo. Mwaka 1992 pori hilo la Wamasai, lililopakana na Serengeti, lilipewa kampuni ya OBC kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka 1993 mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliifichua habari hiyo ikatikisa nchi. Katabalo alifariki mwaka huo huo, Loliondo ikabaki. Mwaka 2009 maboma ya wafugaji yalichomwa moto. Juni 2022 serikali ilipanda vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho, kukatokea vurugu, wananchi wakajeruhiwa na askari polisi mmoja akapoteza maisha. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Wafugaji walisema wananyang'anywa ardhi ya baba zao. Sisi tunasema mpango wa uwindaji unaohitaji bunduki kumwelekea mwenyeji badala ya mnyama ni mpango uliokosewa tangu mwanzo.

Lakini jambo linalotuuma kuliko yote ni hili. Katika vijiji vya Bunda, Serengeti na Tarime wapo vijana wa umri wako waliokutwa na vipande vya nyama ya nyumbu iliyokaushwa. Hawana bunduki, wana waya wa kutegea na panga. Mahakama zimewapa miaka 20 jela. Ndiyo, miaka 20. Anaingia akiwa na miaka 22, anatoka nywele zimeanza kuota mvi, mama yake pengine ameshazikwa. Na nyumbu yule yule, mgeni akimpiga kwa leseni, anapigwa naye picha ya kutundika sebuleni.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi ujangili ni haki. Mwaka 2009 tembo wetu walihesabiwa wakawa kama 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Huo haukuwa wizi wa mwenye njaa. Ilikuwa biashara ya wakubwa, wenye makontena na njia bandarini. Tunachosema ni kwamba sheria inayoshindwa kutofautisha kati ya kontena la meno ya tembo na sufuria ya mboga ni sheria inayowakamata dagaa na kuwaachia papa.

Wako watakaotuambia kwamba bila wawindaji wa kitalii mapori yatakatwa mkaa na kugeuzwa mashamba. Kuna ukweli humo. Watalii wa kupiga picha hawataki kwenda kila pori; mengine yana mbung'o, hayana barabara wala hoteli, na mwindaji ndiye pekee anayekubali kulipa ili akae huko. Sisi hatudai uwindaji ufungwe kesho asubuhi. Tunachodai ni kwamba kama mnyama wetu lazima auzwe, basi auzwe mchana, na hesabu isomwe kwa sauti.

Kwa hiyo tunaitaka serikali ifanye mambo manne.

La kwanza, jina la kila mwenye kitalu, ukubwa wa kitalu chake na fedha aliyolipa vichapishwe kila mwaka mahali ambapo kila mwananchi anaweza kusoma. Wenye kampuni wa kweli, si majina ya kuazima.

La pili, kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, asilimia 25 ya ada za wanyama waliopigwa ilipaswa kurudi kwenye halmashauri za wilaya. Basi kila fedha ya uwindaji inayorudi wilayani ibandikwe kwenye ubao wa kijiji. Ilijenga darasa gani? Ilichimba kisima kipi? Kama ilinunua posho za vikao, nayo iandikwe.

La tatu, adhabu ya nyama ya kula itenganishwe na adhabu ya biashara ya nyara. Na mwananchi anayetaka kuwinda kihalali afunguliwe mlango. Leseni ya uwindaji wa wenyeji imo kwenye sheria, lakini uwindaji huo umewahi kusimamishwa kwa miaka kadhaa huku ule wa wageni ukiendelea. Huo ni ukarimu wa aina gani, mgeni kula ndani na mwenye nyumba kuchungulia dirishani?

La nne, uwindaji bingwa uwe kazi ya Watanzania. Tangu mwaka 1963 tunacho Chuo cha Mweka kilichoko Kilimanjaro, kinachoheshimika Afrika nzima. Tunacho Chuo cha Pasiansi pale Mwanza. Iweje basi mfuata nyayo aliyekaa porini miaka 20, anayemjua simba kwa harufu, afe akiwa kibarua wa mwindaji bingwa aliyekuja juzi kwa ndege? Kila kampuni inayopewa kitalu ifungwe kwa mkataba kuwasomesha vijana wa hapa hadi washike leseni hiyo.

Na wewe kijana, usidhani umemaliza kazi kwa kusoma gazeti na kulikunja. Mgeni amekufundisha jambo moja: anapanga mapema, anauliza bei, anasoma masharti, hatoi senti bila kujua anapata nini. Nawe fanya hivyo hivyo. Kama umemaliza shule na unapenda pori, ulizia masharti ya Mweka na Pasiansi badala ya kukaa kijiweni ukisubiri mjomba akutafutie kazi. Kama una ndugu kijiji chenye kitalu, mwambie aulize kwenye mkutano wa kijiji fedha ya uwindaji iko wapi, na aombe kuona maandishi, asiridhike na maneno. Akija diwani au mbunge kuomba kura, usimuulize fulana na kofia. Muulize kitalu kilichoko wilayani kwake kinamilikiwa na nani. Akikuchekea, umeshapata jibu.

Tena kaa mbali na jangili anayekuja mjini kutafuta vijana wa kubeba mizigo usiku kwa ahadi ya laki mbili. Wakikamatwa, yeye ana wakili. Wewe una mama tu.

Mgeni na aje. Hatumfukuzi. Alete fedha yake, afuate sheria yetu, apige picha yake aondoke salama. Lakini kama msimu unafunguliwa na kufungwa, na mwenyeji hajapona, basi tatizo halipo kwa mgeni. Lipo kwa yule aliyempokea mlangoni, akachukua zawadi zote, akatuambia sisi wa ndani kwamba mgeni amekuja mikono mitupu. Huyo ndiye wa kuulizwa, na wa kumuuliza ni wewe.