SHULE YA UFUNDI BILA VYOMBO NI JINA TU

Ndugu wachimbaji, mama zetu mtwangao mawe, na wakazi wote wa Misisi,

Uhuru wa bendera tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Uhuru wa mikono bado. Dhahabu hutoka ardhini mwetu kila siku, lakini pampu ikiharibika shimo hujaa maji, na kazi husimama mpaka fundi aletwe kutoka mbali. Pesa ya wiki nzima huondoka naye.

Tukumbuke tulikotoka. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Serikali ya Leopold na Kanisa la Roma uliwapa wamisionari ardhi, nao wakatakiwa kufungua shule zenye kilimo na kazi za mikono. Wazee wetu wakafundishwa useremala na uashi. Kazi hizo zilikuwa njema, ila zilikuwa na mpaka: Mwafrika awe msaidizi, Mbelgiji awe injinia. Kwa sababu hiyo wazazi wengi wakajifunza kudharau nyundo na kuheshimu kalamu peke yake. Sisi makarani twasema wazi: kalamu peke yake haitengenezi jenereta.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Septemba 2019 Serikali ilianza kuitekeleza, nasi twaishukuru. Lakini bure hiyo huishia mlangoni mwa sekondari, na ufundi huanzia hapo hapo. Kuanzia hapo mzigo wamwangukia mzazi.

Na mzigo wa ufundi ni mzito kuliko mwingine. Mwalimu wa historia akipata chaki na kitabu, somo laendelea. Mwalimu wa kuunga vyuma ahitaji chuma, umeme na mashine. Na chuma kilichotumika leo, kesho chatakiwa kingine. Mzazi anayetegemea mfuko wa mchanga hawezi kuyalipa hayo. Shule ikikosa pesa, mashine huchorwa ubaoni, na kijana hupewa cheti cha ufundi kabla hajashika spana. Mkono mtupu haulambwi.

Watu watatuambia: nchi inayo INPP, taasisi ya kufundisha kazi, tangu mwaka 1964. Ni kweli. Lakini taasisi hiyo hutegemea sana mchango wa waajiri, unaohesabiwa kwa mishahara ya wafanyakazi. Je, mchimbaji wa mkono mwajiri wake ni nani? Yeye hana mshahara, ana fungu la mawe. Mpango uliojengwa juu ya mshahara hauwezi kumfikia mtu asiye na mshahara. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliunda VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na huko pia waajiri hutozwa kwa ajili ya ufundi. Mahali palipo na waajiri wachache, kama kwetu, Serikali yenyewe haina budi kutoa.

Pesa itoke wapi? Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 yaigawa ada ya madini, ile iitwayo redevansi, inayolipwa na kampuni yenye kibali cha kuchimba: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni nani, kama si mtoto aliye darasani leo? Mchimbaji wa mkono naye hulipa kadi na ushuru. Anayo haki ya kuuliza pesa yake yamsomesha nani.

Jambo hili ni la uhai. Septemba 2020, huko Kamituga, mvua kubwa iliyajaza mashimo maji, na wachimbaji wapatao 50 waliripotiwa kufa. Hatusemi shule ingezuia mvua. Twasema mtu aliyefundishwa kupima mteremko, kuchimba mfereji na kuegemeza shimo kwa miti hujua saa ya kuwatoa wenzake.

Tutajibiwa kwamba kuna vita, na kwamba Bukavu yenyewe iliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025. Basi shule zingoje. Sisi twajibu: kijana asiye na kazi ndiye bunduki humpata kwanza. Kumngojesha ni kumkabidhi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, bajeti ya Serikali iwe na fungu la vyombo na karakana kwa shule za ufundi za Fizi, mbali na fungu la mishahara. Pili, walimu wa ufundi walipwe na Serikali, si na wazazi. Tatu, viongozi wa sekta ya Ngandja na wa jimbo wabandike hadharani hesabu ya kila franga itokayo kwenye madini.

Nasi wazazi tuache kumcheka mtoto mwenye mafuta mikononi. Tumpeleke karakana, binti na mvulana sawasawa. Na siku ya mkutano tusimame, tuulize hesabu kwa sauti moja.