Kabla ya kuchagua hifadhi ya mtandaoni, jiulize ufunguo anao nani

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, msimu wa alizeti ukifika hapa Issuna karatasi huwa nyingi: risiti za mzani, daftari la madeni, makubaliano na mnunuzi, mkataba wa kukodi shamba. Mchwa hawachagui karatasi, na bati linalovuja halichagui. Ndiyo maana swali hili naulizwa mara kwa mara: "Mtaalamu, picha za karatasi zangu nizihifadhi kwa kampuni gani huko mtandaoni?"

Kwa asiyejua, hifadhi ya mtandaoni ni kuweka nakala ya picha au maandishi kwenye kompyuta za kampuni fulani, mbali na simu yako. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kisimani, unaingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine na kuzikuta kumbukumbu zako.

Maoni yangu ni haya: usiumize kichwa kwa jina la kampuni. Umiza kichwa kwa ufunguo. Mazao hatuyapeleki ghalani kwa sababu jengo limepakwa rangi nzuri. Tunauliza nani anashika funguo na stakabadhi imeandikwa jina la nani. Hapa napo uliza hivyo hivyo.

Kampuni ipi?

Google inatoa nafasi ya GB 15 bila malipo. OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple zinatoa GB 5 kila moja, na Dropbox GB 2. Ukiwa na simu ya Android, kama wengi wetu, akaunti ya Google huenda tayari unayo. Anza na hiyo. Picha moja ya risiti ikiwa na MB 3, GB 15 zinabeba picha kama 5,000. Hizo ni risiti za miaka mingi, kwa hiyo asikuuzie mtu nafasi ya ziada kabla hujaijaza hii.

Ila ujue kinachoijaza. Tangu Juni 2021 picha unazopandisha Google Photos zinahesabiwa ndani ya GB hizo 15, pamoja na barua pepe. Siku hizi hata nakala ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa humo. Video za harusi na vichekesho vya magrupu zikijaza nafasi, risiti zako mpya hazitapanda tena. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uondoe video kwenye nakala.

Ufunguo anao nani?

Hapa ndipo tunapoumia. Mtu ananunua simu, anamwambia kijana wa dukani amfungulie akaunti. Kijana anaweka nenosiri analolijua yeye, pengine na namba yake mwenyewe. Mwenye simu anarudi nyumbani akiwa na furaha, asijue kwamba ghala ni lake lakini ufunguo umebaki dukani. Siku simu ikipotea, kijana keshahamia Dodoma.

Mwingine anasema, "Picha zangu anazo mwanangu aliye Dar, nimemtumia WhatsApp." Mwanao ni mwaminifu, sina shaka. Lakini simu yake nayo inaweza kuibiwa, na wewe siku hiyo uko mbele ya baraza la ardhi la kata unatakiwa kuonyesha makubaliano.

Kwa hiyo, nenosiri liwe lako, uliandike kwenye karatasi uiweke unapoweka cheti cha kuzaliwa. Namba ya kurejeshea akaunti iwe laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako, na uitumie isifungwe. Ukibadili laini, badili na namba kwenye akaunti siku hiyo hiyo. Tena, Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, basi usiifungue ukaisahau.

Karatasi usiitupe

Picha ya hati ya hakimiliki ya kimila haigeuki kuwa hati. Inakusaidia kukumbuka namba na tarehe, na kuanzia kufuatilia hati ikipotea. Ya asili itunze kwenye mfuko wa nailoni, juu, mbali na mchwa.

Wala usitegemee mtandao kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa na madeni yake mtandaoni tu alibaki akisubiri. Daftari liendelee, mtandao uwe nakala yake.

Jambo jingine kwa wenye maduka: daftari la madeni lina majina na namba za watu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usirushe picha ya daftari kwenye grupu ili kumwaibisha mdaiwa. Iweke mahali unapofungua wewe tu.

Fanya hivi wiki hii

1. Hakikisha akaunti iliyo kwenye simu yako ni yako, kisha badili nenosiri wewe mwenyewe.
2. Piga picha karatasi tano ambazo zikipotea utalia. Piga mchana, nje, karatasi ikiwa imenyooka.
3. Zipandishe ukiwa na bando la kutosha au Wi-Fi.
4. Azima simu ya ndugu unayemwamini, ingia kwenye akaunti yako, uone kama picha zinafunguka. Ukimaliza, toka.

Hatua ya nne wengi huiruka, na ndiyo inayokuonyesha kama ufunguo kweli unao. Ikikushinda, njoo na simu yako ofisi ya kata tuijaribu pamoja. Nenosiri utaandika mwenyewe. Mimi nitageuka upande mwingine.