Bariamu: Neno la Pili Ndilo Lenye Uhai

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii, pamoja na hekima yake yote, haifai kutundikwa mlangoni mwa hospitali. Mgonjwa aliyelala bila kula, kisha akakabidhiwa kikombe cha kinywaji kizito, cheupe kama chokaa, na kuambiwa kwamba ni "bariamu" ya kunywa kabla ya kupigwa eksirei, anastahili kuambiwa maana. Akiuliza mwanafunzi wa kemia, huenda akajibiwa kuwa bariamu ni sumu. Je, anywe au akimbie? Jibu limo katika neno la pili, ambalo aghalabu halitamkwi.

Bariamu ni elementi ya 56 katika jedwali la elementi. Ni metali laini, yenye rangi ya fedha, ambayo huungana upesi na hewa na maji. Ndiyo maana haipatikani peke yake katika maumbile, na maabarani huhifadhiwa ndani ya mafuta. Carl Wilhelm Scheele alitambua mwaka 1774 kuwa palikuwa na elementi mpya, naye Humphry Davy akaitenga jijini London mwaka 1808 kwa nguvu za umeme. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "zito". Hata hivyo, uzito huo ni wa mawe yake, si wa metali yenyewe, kwani bariamu ni nyepesi kuliko chuma kwa zaidi ya nusu. Ni dhahiri basi kwamba jina pekee halitoshi kukieleza kitu.

Jiwe lake mashuhuri ni bariti, ambayo ni salfeti ya bariamu. Nchini Kenya hupatikana Vitengeni, katika Kaunti ya Kilifi, pamoja na madini ya risasi. Bariti husagwa na kuchanganywa katika tope zito linalomiminwa ndani ya visima vya mafuta vinapochimbwa, ili kuzuia mafuta na gesi visifoke. Aidha, hutiwa katika rangi, karatasi na plastiki. Chumvi nyingine za bariamu ndizo huzipa fataki mwanga wa kijani.

Sasa turufu i katika kuyeyuka. Kabonati ya bariamu, ambayo imewahi kutumiwa kuulia panya, huyeyushwa na asidi ya tumbo. Ioni zake huingia katika damu na kuvuruga kazi ya potasiamu mwilini. Misuli hulegea na moyo hupiga ovyo. Salfeti ya bariamu, kwa upande wake, haiyeyuki katika maji wala katika asidi ya tumbo. Hupita katika umio, tumbo na utumbo, ikizuia miali ya eksirei ili daktari aone umbo la njia hiyo, kisha hutoka kama ilivyoingia. Mwaka 2003, nchini Brazili, wagonjwa kadhaa walifariki baada ya kunywa salfeti iliyokuwa imechanganyika na kabonati. Salfeti, kabonati: tofauti ya neno moja, tofauti ya uhai na mauti.

Wapo wanaodai kuwa mambo haya ni ya Kiingereza na kwamba Kiswahili kibaki na mashairi yake. Hao husahau kwamba Kiingereza chenyewe kiliazima neno hili. Wapo pia wanakiswahili wanaoamini kuwa kazi ilikwisha TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kamusi hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini istilahi bila maelezo ni chungu bila chakula. Huonekana jikoni, wala haimshibishi mtu.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi. Urasmi huo hauna budi kufika hadi kwenye kikombe cha mgonjwa. Wanafunzi wa Kiswahili na waketi pamoja na wenzao wa kemia na utabibu, waandike ukurasa mmoja tu wa maelezo: kwamba kinachonywewa ni salfeti, si kabonati; kwamba hakiingii katika damu; kwamba choo kitakuwa cheupe kwa siku chache; kwamba maji mengi yanywewe ili kuepuka kufunga choo; na kwamba anayeshukiwa kuwa na tundu katika utumbo hapewi kinywaji hiki. Tasnifu juu ya uundaji wa istilahi ni nyingi katika maktaba za vyuo vikuu. Ukurasa huo mmoja, uliobandikwa ukutani mwa chumba cha eksirei, ungemfaa msomaji ambaye hatawahi kuifungua hata tasnifu moja.