Ugoro na Chombo Chake

Wazee wa Arusha na Meru husema ukweli wanaposhikilia pembe na tabakero zao: ugoro ni chombo. Tumbaku iliyosagwa na kutiwa magadi huhifadhi harufu yake ndani ya kifuniko kinachobana. Ikifungwa katika karatasi, hukauka ikapoteza ukali, au hunyonya unyevu ikaota ukungu. Ndugu zetu wa Visiwani, wenye hewa ya bahari, wanalijua hilo zaidi.

Plastiki siyo jibu. Mifuko yake ya kubebea imepigwa marufuku Bara tangu Juni 1, 2019. Makopo ndiyo yafaayo. Hata hivyo, chombo kizuri kisifiche ubaya: ndani mna nikotini, nayo humfanya mtu mtumwa. Sheria ya mwaka 2003 inadai onyo kwenye pakiti za tumbaku. Ni wajibu wa viongozi kuhakikisha ugoro hauuzwi sokoni katika pakiti bubu.