Wi-Fi yangu ina leseni ya nani?

Rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa programu huria, kaniambia juzi kwamba Debian wameuza utu wao. Tumebishana mpaka chai ikapoa, nikaona bora nilete hapa.

Kwanza kisa. Mwaka 2019 nilichoka na programu za kuibia (mnajua zinapouzwa), nikaweka mfumo huria kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Skrini safi, sauti safi, Wi-Fi hakuna. Naambiwa nikapakue faili fulani kwenye intaneti. Intaneti ipi tena, na ndiyo ninayoitafuta?

Faili lenyewe ni femwea: programu ndogo ambayo mfumo huimimina ndani ya chipu kila unapowasha mashine. Bila hiyo, chipu ni bati tu. Mtengenezaji kauficha msimbo wake, hivyo huwezi kuukagua wala kuurekebisha.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kuuona msimbo ni ruhusa moja. Kuisambaza femwea ni ruhusa nyingine. Ziko femwea ambazo leseni yake inasema gawa utakavyo ila usiiguse, na ziko ambazo hata kuzigawa ni marufuku. Theo de Raadt wa OpenBSD, miaka ile ya 2000, aliwabana watengenezaji wa chipu za Wi-Fi kwa hilo la pili: turuhusuni tuisambaze, basi. Naona alijua pa kuanzia.

Debian walishika njia ngumu zaidi. Kwenye Debian 6 ya mwaka 2011 waliondoa femwea zisizo huria katika kiini cha Linux, wakaziweka kando. Wenye mashine kama yangu tukabaki kutafuta sidii zisizo rasmi. Mwaka 2022 wakapiga kura, wakarekebisha hadi Mkataba wao wa Kijamii, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 femwea hizo zimo kwenye sidii rasmi, katika fungu lake lenyewe.

Huo ndio "usaliti" wa rafiki yangu. Free Software Foundation nao hawaipendekezi Debian. Lakini hao hao wanasema femwea iliyochomwa kiwandani ndani ya chipu, isiyobadilishika tena, ihesabiwe kama chuma tu. Hapo wananiacha njia panda. Siri ni ile ile! Tena iliyo kwenye diski yangu naiona jina, nasoma leseni yake, naweza kuifuta, na mbadala ukipatikana naubadili. Si ndoto: mwaka 2013 Qualcomm Atheros walitoa msimbo wa femwea ya baadhi ya chipu zao za Wi-Fi za USB. Kilichochomwa kiwandani utakibadilisha vipi?

Kwa hiyo kura ile naiunga mkono. Ninacholalamikia ni kwamba femwea hizi huwekwa bila wewe kuulizwa. Njia ya kuzikataa ipo, lakini ni ya kuandika amri wakati wa kuwasha, na nani anaijua? Swali moja tu lingetosha: chipu yako inahitaji faili hili, leseni yake ni hii, niweke?

Rafiki yangu bado kanuna. Nimemuuliza Wi-Fi yake yeye inatumia femwea gani. Kasema atakwenda kuangalia.