Mchanganyiko wa Vyakula Haukuzaliwa Masaki

Ipo imani iliyoota mizizi kwa vijana wetu wenye kipato, na hata kwa baadhi ya wazee wao, kwamba chakula cha mchanganyiko, chenye ladha za pande mbili tatu za dunia kwenye sahani moja, ni ubunifu wa migahawa ya Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam. Mji kama Korogwe, wanasema, kazi yake ni kumshibisha abiria wa basi la Arusha kabla dereva hajapiga honi. Kwa hiyo mtu wa Manundu, hapa Korogwe, akitaka kukaa na rafiki zake, wale kitu cha kuzungumziwa na wasikimbizwe, hana budi kupanda gari. Imani hiyo ni ya uongo, na inatudhuru.

Tazama kinacholiwa Manundu kwa siku ya kawaida. Pilau asili yake ni Uajemi na India, lakini mchele wake unaweza kuwa umelimwa hapa hapa wilayani, kwenye mabonde ya umwagiliaji ya Mombo. Kachumbari iliyo pembeni ina nyanya na pilipili, mazao ya Amerika. Chapati ni ya Bara Hindi, nasi tunaila na maharage, ambayo nayo yalitoka Amerika, yakapikwa kwa tui la nazi kama pwani wanavyotaka. Viazi vya chipsi mayai hushuka kutoka milima ya Lushoto. Mbuzi wa mishikaki anatoka kwa wafugaji wa Handeni. Hata bada, ugali wa muhogo ambao Mzigua na Mbondei watakuapia kuwa ni wa babu zao, umetokana na zao lililovushwa Atlantiki na Wareno. Wenyewe waliuchukua muhogo huo, wakaukausha, wakautwanga, wakautafutia mboga inayoufaa, na leo hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya. Hivyo ndivyo chakula kinavyokuwa cha watu.

Kwa nini mchanganyiko huu umekolea hapa kuliko miji mingine ya ukubwa wake? Kwa sababu ya reli na mkonge. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika na safari ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea pande zote za mji huu, na mashamba yalihitaji mikono. Manamba wakaja kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Urundi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu, SILABU, cha kuwaandikisha na kuwasafirisha. Nao wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka kandokando ya reli, wakauza bizari, mdalasini na ngano.

Wengi wa wale manamba hawakurudi kwao. Walioana na Wazigua, Wasambaa na Wabondei, wakazaa, wakajenga. Jiko la nyumba kama hiyo haliwezi kuwa na ladha moja. Binti aliyelelewa ndani yake, leo akiweka benchi na meza ya plastiki mbele ya nyumba yake, anapika mchanganyiko ambao hakusomea chuo chochote, maana aliukuta nyumbani.

Wajapani hawana wasiwasi na hili. Tempura yao walijifunza kwa Wareno katika karne ya 16, na leo ni fahari ya taifa. Sisi tunakionea aibu kitu kilekile, tunangoja kirudi kwetu kikiwa kwenye sahani nyeusi, kwa bei mara kumi.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba mpishi wa Masaki anachanganya kwa kukusudia, na mamalishe anachanganya kwa mazoea. Anayesema hivyo hajawahi kusimama karibu na jiko la mkaa. Mama anayejua kwamba tui zito huingia mwishoni lisikatike, kwamba ukwaju utaamsha nyama iliyopoa, kwamba samaki huyu anataka bada na yule anataka wali, huyo anakusudia. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemuuliza sababu zake.

Nitaambiwa pia habari ya usafi. Hapo nakubali: ipo migahawa ya mitaani ambayo maji ya kunawa ni ya ndoo moja tangu asubuhi na mtaro unanuka. Lakini huo si upungufu wa upishi. Ni upungufu wa bomba na mfereji, na vyote viwili vina gharama inayojulikana. Hatuwezi kumnyima mtu maji, kisha tukamhukumu kwa kukosa maji.

Linaloniuma zaidi ni suala la kukaa. Pwani yetu inajua sinia tangu zamani: watu wanne au watano, chombo kimoja, mkono wako unapita karibu na wa mwenzako, na mazungumzo hayaharakishwi na mtu. Ukaribu huo ndio migahawa midogo ya mijini inaoutafuta kwa taa hafifu na viti vya mbao. Manundu wanao bure, na bado kijana anayepata mshahara humpitia mamalishe akiwa peke yake, anakula amesimamisha pikipiki, analipa, anaondoka. Siku ya kukutana na rafiki zake anakwenda kwingine. Ndiyo maana bei ya mama haipandi, benchi halipati kivuli, na binti yake mwenye mkono mzuri anaondoka kwenda kuosha vyombo Dar.

Halmashauri ya Mji wa Korogwe iwapelekee wapishi hawa maji na mitaro kabla ya kuwafikiria kwa ushuru. Nawe msomaji wa Manundu, Jumamosi hii wakusanye rafiki zako watano, mwagize mama wa mtaani kwako tangu Alhamisi, mwambie apike anachojivunia, mlipe kadiri ya ujuzi wake, na mkae hadi jioni.